Bodi Ishirini za Mzee

Mwaka 2012 nilikuwa na miaka 25, shahada ya uhandisi iliyokuwa bado inanukia wino, na bodi 20 zilizokataa kuongea.

Nilikuwa nimezipanga juu ya meza ndefu ya karakana yetu, chumba kimoja cha ghorofani juu ya duka la vipuri vya magari, Gerezani, Dar es Salaam. Kila bodi ilikuwa na ukubwa wa pakiti ya sigara mbili zilizolazwa. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza: kukaa ndani ya friji la chanjo, kupima joto kila dakika, na kutuma SMS joto likitoka kwenye nyuzi 2 hadi 8 ambazo chanjo nyingi huzihitaji. Mteja alikuwa amelipa nusu. Nusu nyingine ilikuwa inasubiri Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nilichomeka waya wa siriali kwenye bodi ya kwanza, nikawasha umeme, nikayaangalia maandishi yakiporomoka kwenye laptopu. Kerneli ikataja toleo lake. Ikahesabu memori. Ikaitambua kadi, ikafungua mfumo wa mafaili uliomo. Ukaja mstari wa kusema imeachia memori ya kuanzia ambayo haihitajiki tena, ukafuatiwa na kamstari kamoja ka onyo, kisha kimya. Pale ambapo inatakiwa iniulize jina la mtumiaji palikuwa peupe. Nikabonyeza Enter, nikabonyeza tena, nikabonyeza kama mtu anayegonga mlango wa mdeni wake. Hakuna kitu. Bodi ya pili vilevile. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimezijaribu zote 20, na zote zilikufa kwenye mstari uleule.

Sasa lazima nikueleze kuhusu mzee, kwa sababu hapo ndipo akili yangu ilipokimbilia.

Chini ya ngazi za jengo letu alikaa fundi redio. Alikuwa na meza ya mbao, taa ya kuinamisha, kiti kilichofungwa kwa mipira ya baiskeli, na ukuta mzima wa redio na amplifaya zilizofunguliwa matumbo. Wote tulimwita Mzee tu. Bodi tulizinunua zikiwa tayari zina prosesa na memori, lakini soketi ya umeme, waya za kihisi joto na modemu ya simu zilihitaji kulehemiwa kwa mkono. Bodi tatu za majaribio nililehemu mwenyewe, na zilifanya kazi tangu siku ya kwanza. Hizi 20 zilipokuja, bosi akasema tusipoteze muda, tumpe Mzee. Tukakubaliana shilingi 8,000 kwa kila bodi, jumla 160,000, nusu mkononi na nusu baada ya kazi.

Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa hii: tatu nilizolehemu mimi zinaongea, 20 alizolehemu yeye hazisemi. Chuoni tungeiita hiyo ushahidi.

Nilishuka na bodi mkononi. "Shikamoo Mzee." Akaitika marahaba, akavuta miwani. Nikamweleza kuwa bodi zinawaka, zinaanza vizuri, halafu zinazimika ghafla pale modemu inapoamka. Modemu, nikasema, ikiamka inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Kama kiungo cha soketi hakikushika vizuri, volti inaanguka, prosesa inaganda. Niliongea kwa ufasaha sana. Mpaka leo naikumbuka ile sauti na naona haya.

Mzee alichukua mita yake ya mshale, ya zamani, kioo chake kina ufa. Akagusisha ncha mbili kwenye soketi. "Umeme upo, injinia. Volti 5, na haitikisiki."

"Mita hiyo haiwezi kuona, Mzee. Inashuka kwa muda mdogo sana."

Na hilo ni kweli kabisa. Mshale wa mita ile hauwezi kufuata mshuko wa sehemu ya elfu ya sekunde. Nimejifunza baadaye kwamba njia nzuri ya kumnyamazisha mtu ni kumpa jambo la kweli lisilohusika.

Hakubishana. Aliiacha bodi ikiwa imewashwa juu ya meza, dakika moja, mbili, tatu, kisha akaweka kidole juu ya prosesa. "Hebu shika hapa, mwanangu." Nikashika. "Kina joto. Kitu kilichokufa hakipati joto. Hiki kinafanya kazi, ila hatujui kinafanya nini."

Nikamjibu kwamba hata shoti inaleta joto.

Nilipanda juu nikamwambia bosi kuwa kazi ya kulehemu ni mbovu. Sikusema "nadhani." Bosi akashuka mwenyewe, na bosi wetu hakuwa mtu wa kuongea taratibu. Mwenye duka la vipuri alisikia, vijana wake walisikia, mama muuza chai pale kwenye kona alisikia: Mzee hajui kulehemu vitu vya kisasa, ametuharibia mzigo, ile nusu ya pili hapati. Mimi nilisimama kwenye ngazi ya nne, bodi mkononi. Sikuongeza neno, lakini pia sikushuka.

Jumanne na Jumatano nilizirudia kulehemu bodi tatu kwa mkono wangu. Bado kimya. Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo akajiuliza: kama nimeondoa lehemu ya Mzee na ugonjwa umebaki, je, ugonjwa ni wa lehemu? Mimi nilisema ameshaziunguza. Kwenye ya tatu nilikaza pasi ya moto mpaka kipande cha shaba kikabanduka kwenye ubao, na hiyo bodi moja niliiua mwenyewe, kwa ushahidi wa macho yangu, nikaiweka kando pamoja na "zake."

Jumatano usiku niliondoka nikiwa nimechoka, nikasahau kuzima bodi namba 7. Niliiwasha kwa mara ya mwisho kama saa mbili usiku. Ilibaki mezani, haisemi kitu, kihisi chake kikining'inia ukingoni.

Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi niliichomoa. Sikuwa na lengo la kuichunguza. Nilitaka memori kadi yake tu kwa kazi nyingine, nikaichomeka kwenye laptopu, na kabla sijaifuta nikapita kwenye mafolda kwa mazoea, kama mtu anayepekua mifuko ya suruali kabla ya kufua. Nikaingia kwenye folda iitwayo dev.

Hapa inabidi nisimame kidogo kwa ajili ya wasomaji ambao maisha yao hayajawahi kuharibiwa na folda hii. Kwenye Linux, kama ilivyokuwa kwenye Unix iliyoizaa kwa mawazo, kifaa huonekana kama faili. Ken Thompson na Dennis Ritchie walilieleza hilo katika makala yao ya 1974: faili maalumu unalisoma na kuliandika kama faili la kawaida, ila upande wa pili kuna kifaa. Faili hilo halina maandishi ndani. Lina aina na namba mbili. Namba ya kwanza inaiambia kerneli ni dereva gani ashughulike, ya pili ni kifaa kipi kati ya vile anavyovisimamia. Konsoli, yaani mdomo na sikio la mfumo, ni 5 na 1. Bandari ya kwanza ya siriali ni 4 na 64, ya pili 4 na 65. Na /dev/null, lile shimo ambalo lolote utakalotupia linapotea milele, ni 1 na 3. Ukiwa na namba hizo na amri ya mknod unaweza kuchonga mlango wowote kwa mstari mmoja. Ukikosa mlango, kifaa kipo, umeme upo, dereva yupo, na hakuna anayeweza kukifikia.

Kwenye folda ile nilitarajia kuona milango kadhaa. Konsoli haikuwepo. Siriali ya kwanza haikuwepo. Yalikuwepo mafaili mawili tu, null na ttyS1, na yote mawili yalikuwa na ukubwa. Null ina ukubwa? Nililiangalia lile neno kama mtu aliyeona kaburi lina risiti.

Nikalifungua.

29812
29812
29875
29812

Mistari iliendelea hadi chini, mamia kwa mamia. Nilihitaji kama nusu dakika kutambua maandishi yangu mwenyewe. Ilikuwa programu yangu ya kupima joto. Kihisi kile hutoa joto kwa elfu za nyuzi: 29812 ni nyuzi 29.8, joto la karakana iliyofungwa madirisha. Bodi namba 7, iliyokufa tangu Jumatatu, ilikuwa imepima joto la chumba chetu kila dakika, usiku kucha. Nilihesabu mistari: 748. Kutoka saa mbili usiku hadi saa mbili na nusu asubuhi kuna dakika 750.

Karibu na mstari wa 400 namba zilianza kushuka. 29500. 28937. 28250. 27437. Nikapiga hesabu kwa vidole: dakika 400 baada ya saa mbili usiku ni saa nane na dakika arobaini. Nikakumbuka mvua. Usiku ule niliamshwa na mvua kwenye mabati kwetu Tandika, nikaamka kuhamisha ndoo. Bodi nayo iliihisi, ikaandika.

Lile faili la pili, ttyS1, lilikuwa na kitu kifupi zaidi. Ilitakiwa liwe mlango wa modemu. Ndani yake palikuwa na amri ya kutuma ujumbe, namba yangu ya simu, na maneno niliyoyaandika mwenyewe miezi miwili kabla: JOTO LIMEZIDI 8. Bodi ilikuwa inajaribu kunitumia SMS. Pengine ilijaribu usiku kucha, kila jaribio likifuta lililotangulia.

Nitaeleza kilichotokea, maana ni aibu yenye mafunzo kwa anayefanya kazi hizi, na wasiofanya wanaweza kuruka aya mbili.

Zile bodi tatu za mwanzo nilizitengenezea kadi kwenye laptopu yangu ya zamani, ambako nilikuwa na tabia mbaya ya kufanya kila kitu kwa madaraka ya juu kabisa, kama root. Laptopu ile ilikufa. Kwenye mpya nikaamua kuwa mtu mstaarabu, nikafungua furushi la mafaili ya mfumo kama mtumiaji wa kawaida. Lakini mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuchonga mafaili ya vifaa. Ingekuwa hatari sana kama angeruhusiwa, kwa sababu angeweza kujichongea mlango wa kwenda kwenye diski nzima. Kwa hiyo kila faili la kawaida lilifunguka, na kila faili la kifaa likakataliwa. Programu ya kufungua furushi ilinieleza, mstari kwa mstari, katikati ya maelfu ya mistari mingine, na mwishoni ikasema imemaliza ikiwa na makosa. Mimi nilikuwa nimeenda kunywa chai. Nikanakili matokeo kwenye kadi 20.

Kerneli iliyokuja na bodi zile ilikuwa 2.6.30. Inapomaliza kujipanga, kabla tu ya kuanzisha programu ya kwanza kabisa, inafungua /dev/console na kumkabidhi mtoto huyo wa kwanza ili apate pa kusomea na pa kuandikia, naye awarithishe watoto wote watakaomfuata. Isipoipata, haisimami. Inaandika onyo na kuendelea, na mtoto anazaliwa bila mdomo. Yeye mwenyewe yuko salama. BusyBox, ambayo ndiyo iliyokuwa programu yetu ya kwanza, iliandikwa na watu wanaojua kwamba siku kama hizi zipo, kwa hiyo inavumilia, inasoma orodha yake ya kazi na kuzianzisha. Kisha linakuja jambo lililoniokoa. Ukiiambia shell itupe maandishi /dev/null na hakuna kitu chenye jina hilo, haiulizi. Inaunda faili la kawaida, inaliita null, inaweka maandishi humo. Shimo lisilo na mwisho likawa daftari.

Lakini sehemu inayoniuma ni ile kamstari ka onyo. Kalikuwepo. Kalikuwepo tangu bodi ya kwanza, Jumatatu, saa nne asubuhi. Kwa Kiingereza kikavu kalisema: Onyo, imeshindikana kufungua konsoli ya mwanzo. Nimekaona angalau mara 60 wiki ile. Macho yangu yalikapita kwa sababu kalisema onyo na halikusema kosa, na kwa sababu nilishajua mwenye kosa ni nani.

Kurekebisha kulichukua dakika kumi. Nilichonga konsoli, null, na bandari mbili za siriali kwenye kadi namba 7, nikairudisha kwenye bodi, nikawasha. Yale maandishi yakaporomoka kama kawaida, yakafika pale pa kufia, yakapita. Ikaniuliza jina. Sekunde chache baadaye simu yangu ikatetemeka mfukoni: JOTO LIMEZIDI 8.

Nikazipitia zingine. Zilizoongea zilikuwa 19. Isiyoongea ilikuwa ile niliyoibandua shaba.

Bosi alifurahi mno. Alipiga simu kwa mteja palepale: kulikuwa na hitilafu ndogo ya viungo, injinia wetu amezirekebisha. Alipokata nikamwambia haikuwa viungo. Akasema najua, lakini tukisema programu, wataanza kuuliza maswali, na hatuna muda. Akachomoa 80,000 akanikabidhi. "Mpelekee Mzee wako. Mwambie tu zimepona."

Nakiri kwamba nilishuka ngazi nikiwa nimekubaliana na sentensi hiyo. Ilikuwa nzuri. Haikuwa na uongo ndani yake.

"Shikamoo Mzee. Hela yako hii. Zimepona."

Alipokea kwa mikono miwili, akahesabu, akaweka chini ya kopo la lehemu. Kisha akauliza swali ambalo fundi yeyote angeuliza, na ambalo sijui kwa nini sikulitarajia. "Zilikuwa na nini?"

Nilifungua mdomo niseme viungo. Nikaona vidole vyake, ncha zake nyeusi zimeungua miaka na miaka, nikakumbuka kile kidole juu ya prosesa. Nikasema, "Zilikuwa zinafanya kazi, Mzee. Tangu Jumatatu."

Alitaka kuona. Akafunga meza yake kwa kitambaa, akapanda ngazi taratibu, akakaa kwenye kiti changu. Nikamwonyesha lile faili la null, nikamwonyesha mvua. Alilipenda hilo la mvua. Aliniomba nirudie kushusha mistari mara mbili. Nikafuta konsoli kwenye kadi, nikawasha bodi: kimya. Nikairudisha: ikaongea. Hakuwa akijua Linux, na sikumweleza kwa undani, lakini alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Redio nayo, alisema, inaweza kupokea stesheni vizuri kabisa na wewe usisikie kitu, waya wa spika umekatika. Mtu atakuletea anasema redio imekufa.

Kisha akanyoosha kidole kwenye skrini. "Na haka ka hapa? Hakapo kwenye ile inayoongea."

"Onyo."

"Linasema nini?"

Nikamtafsiria.

"Lilikuwa likisema hivyo tangu siku ile uliponiletea?"

"Tangu siku ile."

Alikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi na nilikuwa na maneno, lakini yaligoma kutoka kwa mpangilio niliotaka, nikabaki kusema nisamehe Mzee, nisamehe, kama mtoto. Akasema amesikia. Halafu akasema kitu ambacho sikukipanga: "Hela nimepokea, asante. Lakini mwenye duka hapo chini aliambiwa mimi sijui kulehemu. Na yule mama wa chai. Mimi nafanya kazi kwenye jengo hili, sifanyi kazi kwenye kompyuta yako. Twende ukawaambie."

Tulishuka. Jaribu wewe kumweleza muuza vipuri vya magari, mbele ya wateja wake watatu, kuhusu faili la kifaa. Nilianza na konsoli, nikaona macho yake yanaelea. Nikajaribu mfano wa mlango. Mwisho nikasema, "Kosa lilikuwa langu. Mzee alilehemu vizuri, bodi zote 20. Mimi ndiye niliyeharibu moja." Hiyo aliielewa mara moja, akacheka sana, na kwa miezi kadhaa aliniita Injinia Moja. Mama wa chai hakucheka. Alinimiminia Mzee kikombe, mimi akanipita.

Bosi aliposikia alikasirika kwa siku mbili, ikaisha. Ijumaa mteja alichukua bodi 19 na kuahidiwa ya 20.

Tangu wakati ule dunia ya folda ile imekuwa nafuu. Tayari mwaka 2009, toleo la 2.6.32 lilikuja na devtmpfs, ambapo kerneli yenyewe hujaza /dev na milango ya vifaa ilivyovitambua, bila mtu kuchonga kimoja kimoja. Bodi zetu za bei nafuu zilikuwa matoleo mawili nyuma. Baadaye kidogo kerneli ikabadilishwa pia ifungue konsoli mapema zaidi, kutoka kwenye folda ndogo iliyofungashwa ndani yake, kwa hiyo kadi kama zangu zisingenyamaza kwa namna ileile. Lakini usidhani umepona. Ukiijenga mwenyewe hiyo folda ya ndani ukasahau konsoli, unarudi palepale. Na lile chaguo la kuifanya kerneli ipachike devtmpfs yenyewe haligusi mfumo unaoanzia ndani ya initramfs; huko inabidi programu yako ya kwanza ifanye kazi hiyo. Nililigundua hilo miaka minne baadaye, kazini kwingine, saa tano usiku. Safari hiyo nilisoma onyo kwanza. Siku hizi mafaili ya vifaa siyachongi kwenye laptopu. Nayaorodhesha kwenye jedwali, jina, aina, ruhusa, namba mbili, na programu ya kujenga mfumo inayaingiza bila kuhitaji madaraka ya root. Na jedwali hilo huanza na konsoli.

Ile bodi ya 20 niliipeleka kwa Mzee Jumatatu iliyofuata. Nilidhani ni ya kutupa. Aliinamisha taa, akakwangua rangi ya kijani kwa wembe mpaka njia ya shaba ikaonekana, akachukua uzi mmoja wa waya mwembamba kama unywele, akauunga kutoka kwenye njia hiyo hadi kwenye mguu wa soketi. Mkono wake ulikuwa unatetemeka mpaka pasi ilipogusa, hapo ukatulia.

"Shilingi ngapi, Mzee?"

"Elfu kumi."

Zaidi ya bei ya mwanzo. Nikalipa.

Nilipotaka kuondoka akanizuia, akanionyesha kile kiti kilichofungwa kwa mipira ya baiskeli. Alitaka nilete laptopu hapo chini, na waya, na kadi. Nikapanda nikavileta. Tukachomeka. Mwenye duka akasogea, vijana wake nyuma yake, na Mzee akavaa miwani akainama karibu na skrini, akifuata mistari kwa kidole, akisubiri pale pa onyo.